STA-BIL Storage: tangini inafaa, kwenye kabureta usiitegemee

Pikipiki, jenereta au mashine ya kukata nyasi inayolazwa majira ya baridi mara nyingi huuliwa na petroli iliyobaki ndani yake, wala si baridi yenyewe. STA-BIL Storage, kimiminika chekundu cha kampuni ya Gold Eagle ya Chicago, inauzwa kwa kazi hiyo moja: kuizuia petroli isichache ikiwa imelala. Lebo inaahidi hadi miezi 24. Kwenye tangi lililojaa na kufungwa vizuri, dawa hii inastahili kuaminiwa. Kwenye bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, haifiki mbali, na hapo ndipo wanunuzi wengi hulaumu chupa kwa kazi ambayo haiwezi kuifanya.

Petroli huchacha kwa njia tatu. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, huvukiza kwanza; zikishaondoka injini baridi inagoma kuwaka hata ukiifungia plagi mpya. Oksijeni nayo hugeuza sehemu nyingine kuwa ulimbo, ule utando wa kahawia unaonata na kunuka kama vanishi kuukuu. Kisha kuna maji. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakifika karibu nusu ya asilimia moja, ethanoli huiacha petroli, hujiunga na maji na kuzama chini, pale pale mdomo wa bomba la mafuta ulipo. Baridi inavyozidi, ndivyo maji machache zaidi yanavyotosha kuleta mtengano huo.

Kati ya hizo tatu, STA-BIL inapambana kwa kweli na ile ya pili. Ndani yake mna viungo vya kuchelewesha kazi ya oksijeni, pamoja na vingine vya kuzuia kutu. Kuvukiza haikuzuii, hiyo ni kazi ya kifuniko. Mtengano ukishatokea, huwezi kuurudisha nyuma hata ukimimina chupa nzima. Petroli hiyo hutolewa yote, tangi likasafishwa. Ndiyo maana dawa hutiwa kwenye petroli mpya, ikiwezekana siku ile ile iliponunuliwa. Kuitia kwenye dumu lililokaa tangu miezi mitatu iliyopita ni kuchelewesha uchakavu uliokwisha kuanza.

Kipimo ni mililita 30 kwa lita 9.5, yaani zaidi kidogo ya mililita 3 kwa kila lita. Chupa ya mililita 236 inatosha lita 75 hivi. Gari lenye tangi la lita 50 linakula mililita 160, pikipiki ya lita 15 inakula kama 47, na dumu la lita 5 linataka 16. Tatizo ni mashine ndogo. Tangi la lita moja linahitaji mililita 3, na kumimina kwa macho kutoka mdomo wa chupa hakukupi kipimo hicho. Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, linamaliza ubishi. Njia rahisi zaidi ni kutia dawa kwenye dumu, kisha kuzijaza mashine zote kutoka humo. Dawa itangulie, petroli ifuate, ili kumimina kwenyewe kuchanganye.

Tangi la chuma lijazwe karibu lote, ukiacha nafasi ndogo ya petroli kutanuka. Hewa ikiwa kidogo, unyevu wa kuganda kwenye kuta na kuzitia kutu nao unakuwa kidogo. Tangi la plastiki halina shida ya kutu, kwa hiyo hapo una hiari: jaza na utie dawa, au limalize kabisa.

Baada ya hapo washa injini kwa dakika tano au zaidi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa, dawa inabaki tangini huku mpira wa mafuta, pampu, chujio na kabureta, au injekta zinazonyunyizia petroli kwenye injini zisizo na kabureta, zimejaa petroli isiyotibiwa. Fanya hivyo nje. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na banda lenye mlango wazi halitoshi kuiondoa.

Sasa kabureta. Bakuli lake hubeba petroli kidogo sana, na kwa ubunifu wake lina tundu la kupumulia. Hiyo ina maana kwamba kuvukiza kunaendelea usiku na mchana, dawa iwepo isiwepo. Baada ya wiki kadhaa kinachobaki chini ni masalia mazito, na yanapokaukia ndani ya jeti ya mwendo wa chini, kijibomba kinachopitisha petroli injini ikinguruma bila akselereta, ambayo kitundu chake mara nyingi hakifiki nusu milimita, umepata kazi ya kufungua na kusafisha. Dalili zake hazijifichi: injini inawaka ukiwa umevuta choki tu, ukiirudisha inazima, au mwendo wake unapanda na kushuka wenyewe bila mtu kugusa akselereta.

Kwa hiyo kabureta ya bakuli hukaushwa, hata kama umetia dawa. Injini ikishakunywa petroli iliyotibiwa kwa zile dakika tano, funga koki ya mafuta na uiache iendelee mpaka izime yenyewe. Usiishie hapo. Injini huzima pale petroli inaposhuka chini ya jeti kubwa, na bado kuna kiasi kidogo sakafuni mwa bakuli. Weka kikopo chini, legeza skrubu ya kumwagia, acha kitoke, kaza tena kwa upole kwa sababu nyuzi za alumini haziwezi nguvu. Pikipiki ambazo koki yake hufunguliwa na mvuto wa injini huwa hazina sehemu ya kufunga. Hapo legeza skrubu ya bakuli injini ikiwa imezimwa, koki ikiwa nzima haitaruhusu mafuta mengine kushuka.

Misumeno ya injini na mashine za kufyekea zina kabureta ya aina nyingine, yenye viwambo vyembamba badala ya bakuli na floti, yaani boya lake. Hapo watengenezaji kama Stihl wanaelekeza tangi limwagwe na injini iwashwe mpaka kabureta ikauke, vinginevyo viwambo huweza kugandana. Fuata hilo. STA-BIL bado ina faida kwenye dumu la mchanganyiko wenye oili ya injini ya mipigo miwili (two-stroke), kwa sababu dumu ndilo linalokaa miezi bila kuguswa.

Ukizitazama injini hizi pamoja, thamani ya chupa hii inageuka kinyume cha matarajio ya wengi. Anayeihitaji zaidi ni mwenye gari au pikipiki ya injekta: mfumo wake huwezi kuukausha kwa urahisi, pampu inakaa ndani ya tangi ikioga petroli, na lita 50 si za kumwaga. Hapo kununua ni uamuzi mwepesi. Anayeihitaji kidogo ni mwenye mashine ya nyasi yenye tangi dogo la plastiki. Akimwaga tangi na kukausha kabureta, amemaliza bila kununua chochote. Na mwenye msumeno unaotumika mara chache mwaka mzima angefaidika zaidi na petroli ya alkileti, kama Aspen 2 ya Uswidi. Hiyo haina ethanoli wala zile molekuli zinazogeuka ulimbo, hivyo hukaa miaka bila kutiwa kitu. Ni ghali kuliko petroli ya pampu, lakini msumeno haunywi mengi.

Chupa hii ni ya petroli. Kwa dizeli kampuni hiyo hiyo ina dawa tofauti, na kuchukua nyekundu kwa mazoea ni kosa.

Yapo mengine ambayo petroli safi haitayaokoa, na tangazo la dawa yoyote ya mafuta halikuambii. Oili iliyotumika ina asidi, masizi na maji. Badilisha kabla ya kulaza, injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo, usingoje kuanza kwa msimu mpya. Silinda nayo inataka kinga: fungua plagi, tia oili safi mililita 15 hivi kwa injini ndogo, vuta kamba polepole mara tatu au nne, rudisha plagi, kisha vuta tena mpaka usikie kamba imekuwa nzito na uache hapo. Uzito huo ni mgandamizo, maana yake valvu zote mbili zimefungwa na hewa yenye unyevu haina mlango.

Betri ndiyo huwashangaza watu. Gari lililozimwa huendelea kula umeme kwa ajili ya saa, king'ora na kompyuta. Chukua miliampia 30 tu: kwa siku moja ni ampia-saa 0.72, kwa siku 60 ni 43, na betri ya kawaida ya gari dogo imekwisha. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, yenye volti 12.6 au zaidi, haigandi kwenye baridi ya kawaida ya majira hayo. Iliyokwisha inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka sanduku. Toa waya wa hasi, au funga chaja ya kutunza inayojipunguza yenyewe. Chaja ya zamani isiyojizima usiiache hapo, itachemsha maji yote.

Kwenye rejeta, mchanganyiko wa nusu glikoli, ile dawa ya kuzuia kuganda, na nusu maji hustahimili hadi karibu nyuzi −37. Glikoli tupu huganda mapema kuliko mchanganyiko huo, kwa hiyo kuongeza zaidi "kwa usalama" kunaharibu. Handibreki isivutwe, gari lizuiwe kwa kabari, kwa sababu viatu vya breki hushikana na ngoma. Ziba bomba la moshi na mdomo wa chujio la hewa dhidi ya panya, na uning'inize kitambaa chekundu kwenye usukani cha kukukumbusha kuvizibua.

Na ile tabia ya kuwasha injini dakika tano kila wiki "isikae bure" iachwe. Injini haipati moto wa kutosha kufukuza maji yanayotokana na mwako, yanabaki kwenye oili na bomba la moshi, na betri inatoa zaidi ya inachorudishiwa. Tangi lililotibiwa halihitaji kuamshwa.

Siku ya kuamsha, chota petroli kidogo kwenye chupa ya kioo kabla ya kupiga stata. Ikiwa angavu na bila tabaka chini, washa. Moshi wa bluu wa dakika za kwanza ni ile oili ya silinda inayoungua. Ukinusa harufu ya vanishi au ukaona mstari unaogawa kimiminika, mwaga tangi kwanza. Chupa ya STA-BIL iliyobaki nusu nayo ina umri: ikishafunguliwa, ihesabie miaka miwili, kwa hiyo andika tarehe ubavuni mwake siku unapovunja muhuri.