Financial Ombudsman Service ya Uingereza: pesa zako utarudishiwa, kuiadhibu benki ni kazi ya wengine

Kwa mkazi wa Uingereza ambaye benki imemkata pesa isivyostahili, imemuuzia bima asiyoihitaji au imekataa kumfidia alipotapeliwa, mahali pa kukimbilia ni Financial Ombudsman Service, yaani FOS. Mlalamikaji halipi hata senti, hahitaji wakili, na akiukubali uamuzi wa mwisho, benki inabanwa nao kisheria. Gharama ya kesi huibeba benki, ishinde ishindwe. Kwa kazi hiyo ya kumrejeshea mtu mmoja haki yake, hii ni huduma nzuri sana. Lakini haitozi faini, haifungi mtu wala haimfukuzi mkurugenzi yeyote. Anayeiendea akitaka wakubwa wa benki wawajibishwe amekosea mlango.

Mlango wa kwanza ni benki yenyewe, na FOS haitagusa shauri lako kabla ya hapo. Andika, usiishie kwenye simu. Sema wazi kwamba hilo ni lalamiko rasmi, kwa sababu swali la kawaida linaweza kujibiwa na mhudumu likaishia hapo bila kuandikishwa. Taja tarehe, kiasi, ulichotendewa na unachodai. Benki ina wiki 8 za kukupa jibu la mwisho kwa maandishi. Kwa malalamiko mengi yanayohusu malipo ni siku 15 za kazi, na 35 kama kuna sababu isiyo ya kawaida. Jibu likishatoka, una miezi 6 ya kwenda FOS, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao: barua hukaa mezani, miezi inakatika, na benki ikishikilia kikomo hicho shauri hufungwa bila kusikilizwa, labda uwe na sababu nzito kama ugonjwa mkubwa. Wiki 8 zikipita kimya, nenda bila kungoja barua. Kuna pia ukomo wa tukio lenyewe: miaka 6 tangu litokee, au 3 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba una haki ya kulalamika, ule unaochelewa zaidi ndio unaotumika.

Benki ikikupa pauni 50 za pole katikati ya mazungumzo, soma barua yake vizuri kabla ya kuitikia. Kama imeandikwa kwamba hayo ni malipo ya kumaliza shauri, ukikubali umejifungia mlango.

Lalamiko hupelekwa kwa fomu ya mtandaoni au kwa simu ya bure 0800 023 4567, na asiyejimudu kwa Kiingereza aombe mkalimani tangu mwanzo. Mchunguzi husoma pande zote mbili na kutoa maoni yake, na kesi nyingi humalizika hapo. Upande mmoja ukigoma, jalada huenda kwa mwamuzi, ambaye neno lake ni la mwisho. Ukilikataa, benki haifungwi nalo na bado unaweza kwenda mahakamani. Ukilikubali, benki lazima ilipe. Kiwango cha juu cha fidia kwa malalamiko yaliyofikishwa kati ya Aprili 2025 na Machi 2026, kuhusu mambo yaliyotendeka tangu 1 Aprili 2019, ni pauni 445,000. Malipo ya usumbufu ni madogo kuliko watu wanavyodhani: kosa dogo halifiki pauni 100, na usumbufu unaoonekana huwa kati ya 100 na 300. Kuvuka 1,500 kunahitaji madhara makubwa, kwa hiyo weka nguvu zako kwenye hasara halisi yenye risiti.

Mtihani mkubwa wa huduma hii ulikuwa kashfa ya PPI, bima iliyodaiwa kulinda marejesho ya mkopo. Mabenki yaliwabandikia mamilioni ya wakopaji, wakiwemo waliojiajiri na wastaafu ambao kwa masharti ya bima yenyewe wasingeweza kudai kitu. Sababu ilikuwa kamisheni: katika kesi ya Plevin, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Novemba 2014, asilimia 71.8 ya bima ya pauni 5,780 ilikuwa kamisheni ambayo mteja hakuambiwa. Chama cha mabenki kilikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za kushughulikia malalamiko hayo kikashindwa Aprili 2011. Hadi hesabu zinafungwa, zaidi ya pauni bilioni 38 zilikuwa zimerudishwa kwa wateja. FOS ilipokea zaidi ya malalamiko milioni 2 ya PPI, ikaelemewa, na watu wakasubiri kwa miaka. Hilo ni doa, na foleni ndefu ni udhaifu wake kila kashfa mpya inapolipuka.

Kisa cha Lloyds kinafaa kusomwa na kila anayepokea barua ya kukataliwa. Juni 2015 msimamizi wa sekta, FCA, aliitoza faini ya pauni milioni 117. Kati ya Machi 2012 na Mei 2013 benki hiyo ilishughulikia malalamiko ya bima zaidi ya milioni 2.3 na kukataa asilimia 37. Wahudumu wake walikuwa wameelekezwa wachukulie kwamba mauzo yalifuata taratibu mpaka waambiwe vinginevyo. Maana yake neno la mteja lilishindwa kabla ya kusomwa. Kwa hiyo jibu la kwanza la benki lisikuvunje moyo. Ni maoni ya mshtakiwa juu ya kosa lake mwenyewe.

Upande wa uwazi, FOS inastahili sifa. Kila nusu mwaka huchapisha idadi ya malalamiko na asilimia iliyokubaliwa kwa kila kampuni, ikitajwa kwa jina, mradi ina kesi mpya 30 na zilizomalizwa 30. Maamuzi ya mwisho nayo huwekwa hadharani, jina la benki likiwepo na la mteja likifichwa. Kabla ya kuandika chochote, tafuta humo kesi inayofanana na yako uone mwamuzi aliegemea nini.

Wafanyabiashara wameumia zaidi. Katika utapeli wa tawi la benki ya HBOS katika mji wa Reading, uliofanyika kati ya 2003 na 2007, biashara ndogo zilinyonywa hadi zikafa. Watu 6 walihukumiwa vifungo vya jumla ya takriban miaka 47 mwaka 2017. Waliowafikisha hapo ni polisi wa Thames Valley na mahakama. Kwa FOS, zama hizo biashara yenye mauzo ya pauni milioni 1 au zaidi kwa mwaka haikuwa na mlango kabisa. Tangu Aprili 2019 inapokea biashara yenye mauzo ya chini ya pauni milioni 6.5 kwa mwaka, ikiwa pia ina wafanyakazi wasiofika 50 au mizania isiyofika pauni milioni 5.

Jambo moja kwa wanaotuma pesa nyumbani. Tangu 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinalazimika kumfidia mtu aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe kwa tapeli, hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, zikikatwa zisizozidi pauni 100. Dai liletwe ndani ya miezi 13. Kanuni hiyo inahusu malipo ya ndani ya Uingereza tu. Pesa za kiwanja hewa zilizokwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya Nairobi au Dar es Salaam hazimo. FOS bado inaweza kuangalia kama benki ilipuuza dalili za wazi za utapeli, ila mzigo wa hoja unakuwa wako. Hifadhi ujumbe wote wa WhatsApp, picha za skrini zenye onyo lililotokea wakati wa kutuma, taarifa ya akaunti ya miezi 6 inayoonyesha kwamba malipo yale hayakufanana na mazoea yako, na saa uliyoiarifu benki. Saa hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa inaonyesha kama benki ilikuwa na nafasi ya kujaribu kuzirudisha pesa kabla hazijatolewa upande wa pili.