Saa ya Garmin bwawani, TrainingPeaks mezani kwa kocha

Ndani ya bwawa, saa ya Garmin haitegemei setilaiti. Inahisi mwendo wa mkono na namna unavyojisukuma ukutani, inahesabu vipande (kila kimoja ni safari ya ukuta hadi ukuta), kisha inazidisha kwa urefu wa bwawa ulioingiza wewe. Ndiyo maana kosa kubwa hufanyika kabla ya kulowa: bwawa la yadi 25 lina mita 22.86, na ukiliandika mita 25, kila vipande 100 vinakuzawadia mita 214 ambazo hukuziogelea.

Kwa mtindo huru na kugeuka vizuri, hesabu yake inaaminika. Ikikosea, huacha alama. Ukiona kipande cha sekunde 45 na mapigo 18 ya mkono katikati ya vipande vya sekunde 22 na mapigo 9, hivyo ni viwili vilivyounganishwa: mwogeleaji aligeuka bila kujisukuma vya kutosha. Akisimama katikati kumpisha mwenzake, saa inaweza kudhani amefika ukutani ikaongeza kipande. Kupiga miguu kwa ubao hakuonekani kabisa, kwa kuwa mkono umetulia. Washa rekodi ya mazoezi ya ufundi, umalize, uandike umbali mwenyewe. Kitufe cha mapumziko nacho kibonyezwe kila unapofika na kila unapoondoka, la sivyo sekunde za kuvuta pumzi zinaingia kwenye kasi.

SWOLF, yaani sekunde za kipande kimoja ukijumlisha mapigo, inapendwa kuliko inavyostahili. Saa huhesabu mkono ulioivaa tu, kwa hiyo haioani na hesabu ya kocha anayehesabu mikono yote miwili. Mrefu na mfupi hawalinganishwi kwayo, wala bwawa la mita 25 na la mita 50. Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe.

Mapigo ya moyo yanayopimwa kwenye kifundo cha mkono msiyatilie maanani: maji hupenya chini ya kihisi. Mkanda wa kifuani unaotunza data ndio unaofaa. Bluetooth haivuki maji, hivyo namba kamili huja baada ya kutoka.

Kwa timu, TrainingPeaks, jukwaa la mtandaoni la kufuatilia mazoezi, inapokea mazoezi ya kila mwogeleaji aliyeunganishwa na kocha. Lakini alama yake ya mzigo wa kuogelea imejengwa juu ya kasi ya kizingiti, yaani kasi ya juu ambayo mwogeleaji anaweza kuishikilia kwa muda mrefu, na uwiano wa kasi hupandishwa hadi kipeo cha 3. Kizingiti kikiandikwa chini ya kile halisi, hata mtu akaonekana kwa uongo yuko juu yake kwa asilimia 5, mzigo unavimba kwa karibu asilimia 16. Ndipo kocha anapompumzisha asiyechoka.

Basi kipimeni kwanza. Mwogeleaji aende mita 400 kwa nguvu zote, apumzike vizuri, kisha mita 200. Akitumia 6:00 na 2:50, mita 200 za tofauti zimechukua sekunde 190, na kizingiti chake ni 1:35 kwa mita 100. Kila mtu awe na chake. Wastani wa timu haumfai yeyote.

Kwa mwogeleaji wa peke yake, saa inatosha. Kocha wa timu aongeze jedwali la kawaida la kusafishia vipande vilivyoungana kabla ya kuangalia grafu yoyote, kwani ukurasa wa muhtasari hauvionyeshi.