Ruta ya faiba niliyowekewa nyumbani: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwa nguvu ya mawimbi sina ugomvi na ruta niliyoletewa nilipounganishiwa faiba hapa Kisauni, Mombasa, kwani waifai inafika hadi chumba cha nyuma bila kukatika. Ninacholalamikia ni usalama. Fundi aliipachika ukutani, akanisomea nywila iliyochapwa kwenye stika ya ubavuni, akaenda zake, wala hakunieleza kwamba ukurasa wa mipangilio, unaofunguka kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ulikuwa ukimkubali yeyote anayeandika «admin» kuwa jina na «admin» kuwa nywila.

Mwezi wa tatu intaneti ilianza kuzorota kila usiku baada ya Isha. Nilipofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nilihesabu 11, ilhali sisi tuna simu 4, televisheni na kompyuta moja. Nikabadilisha nywila zote mbili, vikabaki 6. Wiki mbili baadaye vilikuwa 9, na hapo nilifadhaika sana, kwa kuwa nywila mpya haikuwa imetoka nje ya familia yangu. Jirani akiniomba intaneti simnyimi, lakini laini hii imesajiliwa kwa jina langu, na lolote litakalofanywa kupitia kwayo nitaulizwa mimi.

Mwanya ulikuwa WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu 8, ambayo ilikuja ikiwa imewashwa na namba yenyewe imechapwa kwenye stika ileile, mbele ya macho ya kila anayeketi sebuleni. Mwenye namba hiyo hupewa nywila na ruta yenyewe, hata uibadilishe kila siku. Asiye nayo pia hakuzuiwa sana: tangu 2011 inajulikana kwamba namba hukaguliwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, hivyo majaribio ya kuikisia hayazidi 11,000, badala ya mamilioni.

Nimezima WPS, nimechagua WPA2 yenye AES, aina ya ulinzi unaosimba mawasiliano ya waifai, kwa kuwa ruta hii haina WPA3 iliyo mpya zaidi, nimeweka nywila ya herufi 20, na wageni nimewafungulia mtandao wao. Tangu hapo orodha haijazidi vifaa vyetu 6, ila siku za wageni.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Mbili nimezizuia kwa sababu ya WPS na «admin», mambo ambayo fundi angeyamaliza kwa dakika 5 kabla ya kushuka ngazi.