Hudi ya sentimita 60 juu ya jiko la gesi: nunua, lakini bomba litoke nje

Hudi ya sentimita 60, ile kofia ya kuvuta moshi ya umbo la T inayofungwa ukutani juu ya jiko, tunaipendekeza kwa yeyote anayekarabati jiko Arusha au Moshi, kwa sharti moja: bomba lake litoke nje ya nyumba. Kama fundi hana pa kulitolea, fedha hiyo iongeze dirisha.

Sababu kubwa si moshi, ni maji. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa mvuke wenye maji zaidi ya lita moja na nusu. Mtungi wa kilo 15 ukiisha, lita zaidi ya 20 zimeingia hewani, na hapo hujahesabu mvuke wa machalari au wa maharage yanayochemka saa nzima. Juni na Julai, Ilboru na Sakina kule Arusha, watu hufunga madirisha kwa ajili ya baridi. Mvuke ule unagusa ukuta wa baridi na kuwa maji, dari ya jipsamu inaota ukungu, na milango ya kabati za MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) inavimba kwenye kingo. Moshi mjini kinachosumbua zaidi ni joto, nalo hudi hulitoa vilevile.

Hudi isiyo na bomba inapitisha hewa kwenye kichujio cha mkaa na kuirudisha palepale jikoni. Harufu ya samaki inapungua, basi. Mvuke, joto na kaboni monoksaidi (gesi ya sumu itokanayo na mwako) vinabaki, na mkaa wenyewe unachoka ndani ya miezi 3 hadi 6.

Nguvu ya kuvuta huandikwa kwenye boksi kwa mita za ujazo kwa saa. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba cha jiko lako, kisha zidisha kwa 10. Chumba cha mita 3 kwa 4 lenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 32.4, kwa hiyo kinahitaji 324. Chukua ya 400 hadi 500, kwa sababu bomba na kona zake hula sehemu ya nguvu. Jiko lenyewe la kupikia likiwa na upana wa sentimita 90, hudi ya 60 itaacha moshi wa plate za pembeni upite; nunua ya 90.

Kosa linaloharibu hudi nzuri kuliko yote ni bomba jembamba. Hudi nyingi za namna hii zina mdomo wa milimita 150, yaani inchi 6. Fundi akikosa bomba hilo huweka kipunguzio na kuingiza PVC ya inchi 4 iliyobaki chooni. Njia ya hewa inabaki chini ya nusu ya ilivyokuwa, kelele inapanda, na moshi unazunguka chini ya hudi. Dai inchi 6 mwanzo hadi mwisho, la bati laini ndani, lenye kona moja au mbili tu. Bomba la alumini la mikunjo linafaa kwa kipande kifupi tu, tena livutwe likanyooka. Na lisiishie juu ya dari! Mafuta yataganda kwenye mbao za paa, na mafuta yaliyoganda yanashika moto. Litokee ukutani, likiwa na kifuniko chepesi kinachofunguliwa na hewa inayotoka. Wavu wa matundu madogo unazibwa na mafuta mapema.

Tundu la ukutani, lenye kipenyo cha kama sentimita 16, litobolewe kabla ya vigae, na soketi ya hudi iwekwe juu, itakapofichwa na bomba. Hudi yenyewe inatumia umeme kidogo: ya wati 200 ikiwaka saa moja na nusu kwa siku ni kama uniti 9 za LUKU kwa mwezi. Mzigo uko kwenye jiko, likiwa la mchanganyiko wa gesi na umeme. Plate ya umeme ya kilowati 1.5 na oveni ya kilowati 2.5 vikiwashwa pamoja ni zaidi ya ampea 17, na plagi ya kawaida mwisho wake ni 13. Ndiyo maana plagi za majiko haya huyeyuka. Vuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi, wenye breka yake ya ampea 32, swichi yake ya jiko na ethi ya kweli.

Kimo kutoka kwenye plate za gesi hadi hudi kiwe sentimita 65 hadi 75, na kitabu cha kiwanda kikisema zaidi, fuata kitabu. Ikishushwa zaidi ya hapo, mwali unafika kwenye vichujio vyenye mafuta. Jiko la mkaa lisiwekwe chini yake kabisa, kwa sababu ya cheche.

Hewa inayotolewa lazima ipate mbadala. Acha upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango, au dirisha wazi kidogo upande wa pili. Ukiwa na hita ya maji ya gesi ndani ya jiko hilohilo, hatari ni kubwa: hudi inaweza kuvuta moshi wa hita urudi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu. Hita hiyo ifungwe ukuta wa nje. Kumbuka pia kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo hudi haikukingi na mtungi unaovuja. Tundu la hewa karibu na sakafu ndilo linaloitoa. Mtungi ukikaa nje, ni bora zaidi.

Vichujio vya alumini vichomolewe kila wiki 3, viloweshwe kwenye maji moto yenye sabuni ya vyombo, vikauke kabisa ndipo virudishwe. Washa hudi dakika 5 kabla ya kukaanga, na iache iendelee dakika 10 baada ya kuzima jiko.