Uzoefu wangu na Shadowrun: Dragonfall, gemu nililolicheza usiku Mwanga, Kigoma

Nimelimaliza gemu hili la kompyuta mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa binadamu wa kawaida. Mara ya pili nilikuwa trolo, jitu lenye pembe na ngozi ngumu kama gome la mti. Naandika kwa sababu ya hiyo mara ya pili.

Kwa asiyeifahamu, Shadowrun ilianza Marekani mwaka 1989 ikiwa mchezo wa mezani, wa vitabu na dadu. Katika dunia yake uchawi unarudi mwaka 2011, na wazazi wa kawaida kabisa wanaanza kuzaa watoto wenye masikio yaliyochongoka, ndio maelvi, na wengine wafupi walioshikana mwili, ndio vibeti. Miaka 10 baadaye watu wanapatwa ghafla na mabadiliko mwilini, wanalala binadamu na kuamka maorki na matrolo. Hapo ndipo Shadowrun ilipoachana na hadithi za majumba ya kale na misitu. Orki wa hapa hakuumbwa na mchawi wala hakutoka kuzimu. Jana alikuwa dereva wa basi, leo meno yametokeza nje ya mdomo, na kodi ya nyumba bado anadaiwa. Mke ni yuleyule, majirani ni walewale, ila sasa wanavuta watoto ndani akipita.

Dragonfall yenyewe ilitoka mwaka 2014, kwanza ikiwa nyongeza ya gemu lililotangulia, kisha mwaka huohuo ikatolewa upya ikijitegemea. Hiyo ya pili ndiyo ya kununua. Uko Berlin ya mwaka 2054, mtaa unaitwa Kreuzbasar, na kazi yenu, wewe na kikundi chako, ni kukodiwa kuvunja ofisi na maghala ya makampuni makubwa. (Berlin si jina geni sana kwetu: reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 waliijenga Wajerumani, na meli ya Liemba iliundwa kwao Papenburg.) Kiongozi wenu, Monika, anakufa katika kazi ya kwanza tu. Mtaa mzima ulikuwa unamtegemea yeye, na sasa macho yote yako kwako.

Kila baada ya kazi unarudi Kreuzbasar, unazunguka, unasalimia watu. Kuna mwenye mkahawa anaitwa Altuğ. Nilikuwa napita kwake hata nikijua hana jipya, kama mtu anavyopita barazani Ujiji jioni, akinywa kahawa na kuuliza nani kafiwa, nani kasafiri. Gemu halikulazimishi kufanya hivyo. Ukitaka unakimbilia kazi inayofuata. Lakini ukikaa na wale watu, utaona orki anauza, trolo anaumwa, elvi amefilisika, na hakuna anayetolewa hotuba juu ya umbile lake. Wanaishi tu, wanagombana kama watu wa mtaa mmoja wanavyogombana.

Katika kikundi chako yupo Eiger, mwanamke trolo aliyekuwa askari. Mwanzoni hana imani nawe hata kidogo. Anaona Monika amekufa na wewe umepewa nafasi usiyoistahili, na anakwambia hivyo usoni. Mpwa wangu, ambaye hukaa nami nikicheza, alipomwona mara ya kwanza aliniuliza, "Mjomba, huyu mwenye pembe ndiye mbaya?" Nikamwambia ngoja. Kadiri unavyomsikiliza Eiger na kumwonyesha kwamba hutoi watu wako kafara kwa pesa, anafunguka kidogo kidogo. Kufikia katikati ya gemu mpwa wangu alikuwa akigoma nikimwacha Eiger nyumbani.

Sasa nieleze kwa nini nilirudia nikiwa trolo. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi vinaelewana, hivyo nikizungumza naweza kudhaniwa Mrundi. Siku moja nikisafiri kwenda Tabora basi lilisimamishwa kizuizini. Wenzangu walionyesha vitambulisho wakaachwa. Mimi nilionyesha changu, nikafungua mdomo, nikashushwa. Niliulizwa jina la mwalimu mkuu wa shule yangu ya msingi. Niliulizwa babu yangu kazikwa wapi. Abiria walikaa wananitazama madirishani, na kuna mama alinishikia mfuko wangu wa dagaa mapajani mpaka niliporudi, hakusema neno. Tangu siku ile nimejifunza jinsi ya kupita pale. Natoa "shikamoo, afande" kabla hajaniuliza kitu, nataja kijiji na kata kwa mpigo, mikono naiweka anapoiona.

Katika Dragonfall kuna sifa ya mvuto, na ukiipandisha kufikia viwango fulani unachagua kundi ambalo unajua kuzungumza nalo: watu wa makampuni, wahuni wa mtaani, walinzi. Ukichagua walinzi, mbele ya lango lenye silaha unaweza kuona mstari wa ziada wa kusema, na wakati mwingine mstari huo unakupitisha bila risasi hata moja. Nilipoukuta mara ya kwanza niliacha kipanya, nikakaa. Aliyetunga kile kipande anajua mtu hujifunza kwa gharama gani kusema na wenye bunduki.

Lakini hapohapo ndipo ninapogombana na gemu hili. Hadithi inasema trolo ni mtu kamili. Kanuni zake zinasema vingine: kikomo cha mvuto na cha akili kwa trolo kimewekwa chini ya cha binadamu, na elvi amewekwa juu kwa mvuto tangu kuzaliwa. Yaani hata nikitafuta pointi mwaka mzima, trolo wangu hawezi kufika alipo elvi kwa maneno. Najua kanuni hizi zimerithiwa kutoka mchezo wa mezani, ila urithi unaweza kukataliwa. Nilipandisha mvuto wa trolo wangu mpaka ukagota, kabla ya kumnunulia bunduki ya maana, na vita viliniwia vigumu sana kwa sababu hiyo. Sijutii.

Mapigano ni ya zamu, mtulivu atayapenda. Ila utaona umeandikiwa asilimia 80 za kulenga na risasi inapita pembeni mara mbili mfululizo. Sehemu za kuingia ndani ya mitandao ya kompyuta zinachosha. Maongezi ni ya kusoma, karibu hakuna sauti, na mimi nayasoma kwa Kiingereza chenye misimu mingi, Kiswahili hakimo. Kama hupendi kusoma, liache.

Halihitaji mashine kali. Linakwenda vizuri kwenye laptopu yangu ya zamani, na unaweza kuhifadhi ulipofika, jambo lililoniokoa kila umeme ulipokatika. Kulipia nilitumia kadi ya mtandaoni inayounganishwa na pesa za simu, na kulipakua nilisubiri bando la usiku.

Wiki hii tumeanza mara ya tatu. Mpwa wangu amechagua orki wa kike, yeye anasoma kwa sauti, mimi natafsiri, na jana alinisimamisha mlangoni kwa Altuğ akitaka kwanza tuagize kahawa.