Grisi au sahani ya plastiki kwenye kiungo cha trela?

Kiungo hicho, bamba la chuma nyuma ya kichwa cha lori ambalo trela hukalia, kikikauka, dereva hukijua kwa mikono kabla ya macho: usukani unakuwa mzito, kichwa kinasita kwenye kona na kurudi kwa kishindo.

Grisi ya lithiamu namba 2 (kipimo cha ugumu wake), ile ya kubeba shinikizo kubwa, yenye molibdeni (madini ya kupunguza msuguano), inapatikana karibu kila duka la vipuri na fundi yeyote anaijua. Kasoro yake ni vumbi. Kwenye barabara ya changarawe, grisi inashika mchanga na kugeuka msasa unaokula chuma cha juu, cha trela, na cha chini, cha kiungo, kwa pamoja. Kwa hiyo kupaka mpya juu ya ya zamani ni kosa kubwa. Achanisha trela, kwangua tope lote jeusi, futa, ndipo upake. Utingo wengi huruka hatua hiyo, na inaniuma kuona vyuma vya bei vikiliwa hivyo.

Sahani ya plastiki inakaa katikati ya vyuma viwili na kuteleza bila grisi. Haidondoshi uchafu barabarani. Lakini ukirudi nyuma kwa pupa kuunganisha trela iliyo chini mno, ukingo wa trela unaikwangua, na ikichakaa hadi skrubu kuguswa, ibadilishe. Taya za kiungo na pini ya trela wanayoing'ata, ya inchi 2 au 3.5, bado zinataka grisi; wengi wanasahau.

Kichwa kinachobaki na trela moja nakiwekea plastiki. Cha kukodi, kinachovuta trela za kila mtu, grisi.