Rivyuu: Kadeti wanavyochaguliwa kwenda Space Force kupitia Air Force Academy, nyota 4 kati ya 5

Hii naiandika kwa wazazi wenzangu tunaoishi Marekani, wale wenye kijana wa sekondari anayesema anataka jeshi halafu hapohapo anataka mambo ya anga za juu. Nimeufuatilia huu mchakato wa kuchagua kadeti (wanafunzi wanaoandaliwa kuwa maafisa) kwa karibu kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, fomu tumesoma wote, na nikaona kuna haja ya kuueleza vizuri maana huku kwetu unasikika kwa vipande vipande tu.

Kwanza tuelewane, hii siyo kazi ya kwenda mwezini. Space Force, jeshi la Marekani la anga za juu, imeanzishwa tarehe 20 Desemba 2019 na maafisa wake karibu wote wanafanya kazi hapahapa ardhini mbele ya skrini, kwenye kambi ya Schriever kule Colorado wanaongoza satelaiti za GPS, hizohizo zinazomwonyesha bodaboda wa Mbagala njia kwenye simu yake, kwenye kambi ya Buckley, Colorado hukohuko, wanafuatilia makombora yanayorushwa popote duniani, na Cape Canaveral na Vandenberg ndiko zinakorushwa roketi. Waliofika juu wapo, mwanaanga Mike Hopkins alihamia Space Force akiwa hukohuko kwenye kituo cha anga Desemba 2020 na Nick Hague akaruka Septemba 2024, ila hao waliteuliwa na NASA, shirika la kiraia la anga za juu, ni njia nyingine kabisa. Mwambieni kijana mapema.

Sasa chuo chenyewe. Air Force Academy, chuo cha maafisa cha Air Force (jeshi la ndege) kinachotoa pia maafisa wa Space Force, iko Colorado Springs, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo mtoto wa Houston akifika kule wiki za kwanza kukimbia tu ni kazi. Kuingia lazima awe raia wa Marekani (grini kadi haitoshi, hapa wengi wetu wanakwama), awe na miaka 17 au zaidi na asiwe amefika 23, asiwe na ndoa wala mtoto wa kumtegemea. Kuna vipimo vya hospitali, kuna mtihani wa mwili wa kurusha mpira wa kikapu, kujivuta kwenye chuma, pushapu, sitapu na mbio, halafu kuna kitu ambacho nyumbani hakipo, lazima apendekezwe, mara nyingi na mbunge au seneta wa anakoishi. Siyo lazima mjuane! Ofisi ya mbunge ina fomu, inaita vijana kwenye mahojiano, inachagua. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wazima wanasema hizo nafasi ni za watoto wa wakubwa, na kijana anaacha kuomba kitu ambacho angekipata.

Akishaingia, hapo ndipo mchakato unaponifurahisha. Hakuna anayeingia siku ya kwanza akiwa mtu wa Space Force. Kadeti wote wanaanza pamoja na wiki 6 za mafunzo ya msingi, wanasoma miaka minne, na katikati humo ndio wanajionea wanachokiweza. Kuna somo la astronotiki, yaani elimu ya vyombo vya anga za juu, idara yake ni ya miaka ya hamsini huko, kuna satelaiti ambazo kadeti wenyewe wanazijenga na kuziendesha zinaitwa FalconSAT, na moja, FalconSAT-6, ilirushwa Desemba 2018. Hebu fikiria kijana wa miaka 20 anatuma amri kwenye chombo kilicho juu kabisa kule na chombo kinamjibu! Anayeipenda kazi hii atajulikana hapo, na asiyeipenda naye atajijua.

Kwenye kuchagua sasa, kadeti anasema mwenyewe kwamba anataka Space Force, anapanga mapendeleo yake, wanaangalia masomo yake na uongozi wake, na anakaa na maafisa wanamhoji. Mahojiano haya ndio sehemu ninayoipa alama za juu zaidi. Maksi nzuri za hesabu wengi wanazo, lakini Space Force ni jeshi dogo, wanajeshi wake ni kama 10,000 tu, kwahiyo afisa mmoja asiyejua kwanini yuko pale pengo lake linaonekana haraka. Kijana anatakiwa aeleze kwa kichwa chake kwanini satelaiti na siyo ndege. Macho ya rubani hayatakiwi huku, na hiyo imewafungulia mlango wengine, ila mtu asiichukulie kama kimbilio la aliyekosa urubani. Mwaka 2020 wahitimu 86 kati ya karibu 1,000 walikula kiapo moja kwa moja kuingia Space Force, ndio walikuwa wa kwanza kutoka chuoni, kwahiyo nafasi zipo lakini hazimwagiki.

Jambo jingine la kuzungumza nyumbani bila woga ni ukaguzi wa usalama. Kazi hizi zinataka kibali cha siri kuu na fomu inauliza ndugu walioko nje ya Marekani, safari, kila kitu. Kuwa na bibi Moshi au wajomba Kisangani siyo kosa, wataulizia tu, kosa ni kuwaficha. Andikeni wote.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mtoto anaweza kumaliza miaka minne akiota Space Force halafu akapangiwa Air Force, na deni la utumishi liko palepale, miaka 5 kazini na mingine 3 kwenye jeshi la akiba. Ada hakuna na anapewa posho, sawa, lakini anatakiwa aingie akiwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Anayeona hapawezi ana nafasi ya kuondoka bila deni kabla hajaanza mwaka wa tatu. Na akichaguliwa bado shule, siku hizi maafisa wapya wanapelekwa kambi ya Peterson, Colorado, miezi 12, wanasoma satelaiti, intelijensia na mambo ya mitandao yote matatu kabla ya kupangiwa kituo, hii mimi naiona nzuri sana.

Chuo hiki siyo njia pekee pia, ROTC, mafunzo ya uafisa yanayotolewa kwenye vyuo vikuu vya kawaida, inatoa maafisa wa Space Force vilevile, kwahiyo akikosa Colorado asikate tamaa. Ila kwa wale wa Academy, fomu za wabunge nyingi zinafunguliwa kijana akiwa bado mwaka wa tatu wa high school, majira ya machipuko, na zinafungwa vuli inayofuata. Aombe kwa mbunge na kwa maseneta wote wawili kwa wakati mmoja, inaruhusiwa, na mazoezi ya kujivuta kwenye chuma aanze sasa maana ndiyo yanachukua muda mrefu kuyapata.